Mashine ya Kuamkia Ijumaa

"Laki mbili ulinipa, laki mbili nakurudishia. Nataka Alhamisi yangu!"

Mwanasha alilipiga kofi kasha la kompyuta, bisibisi iliyokuwa juu yake ikaruka ikaangukia chini ya meza. Mumewe, Hasani, hata kope hakupepesa. Alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi, jua la kuzama likimmulika mgongoni, amevaa kanzu ambayo Mwanasha mwenyewe aliipiga pasi mchana ule.

"Utazitoa wapi?" Hasani aliuliza. "Hela si umeshazigeuza nyaya?"

"Nitaiuza mashine!"

"Iuze basi, halafu tuongee." Akatabasamu. "Mama, biashara ile imekwisha. Ulipokea, ukahesabu, ukanijibu Mungu akuzidishie. Leo imekuwaje?"

"Nilikuuzia wewe, Hasani. Sikumuuzia yule binti wa Somanga anichezee akili usiku!"

"Ziada hakuchezei. Ziada analala."

"Analala na nani?"

Hasani aliizungusha pete yake kidoleni, ile ya jiwe jekundu, akatoka. Gari likaguruma, likachukua barabara ya kwenda Nangurukuru, na Mwanasha akabaki anapumua kama mtu aliyetoka kupigana.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua korosho, Hasani alikuwa amepanda cheo: gari moja, nyumba mbili, wake wawili. Mwanasha ndiye bi mkubwa, hapa Kilwa Masoko. Ziada, mke mdogo, alikaa Somanga, kando ya barabara kuu. Hasani aligawa zamu, siku mbili huku, siku mbili kule, na kwa mgawo huo Alhamisi ilimwangukia mara huyu mara yule. Ndipo jioni moja akaja na bahasha. Akasema Ziada bado mtoto, usiku wa kuamkia Ijumaa anaona mambo, hawezi kulala peke yake. Je, bi mkubwa angekubali kumwachia usiku huo, Alhamisi zote zitakazomwangukia, kwa laki mbili taslimu?

Mwanamke mwingine angelia kwanza. Mwanasha aliuliza, "Zote mkononi?" Akazihesabu, akasema sawa. Hakupenda mambo ya kuzungukana. Hicho ni chako, hiki ni changu, tumemaliza.

Kwa hela ile alikwenda Dar, akanunua vipande vya kompyuta kimoja kimoja, vingine vipya, vingine vilivyotumika, akarudi navyo amevipakata kama mayai. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na kitabu kilichokatika jalada, kamusi, na vidole vilivyozoea kuungua. Aliiunga mwenyewe, chumba cha mbele, mpaka ikawaka. Sasa watu walipanga foleni kuchapiwa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi, na kutumiwa faksi kwa waya wa simu.

Ilikuwa mashine nzuri. Ila Alhamisi haikulala.

Siku nyingine zote ukiilaza inalala. Kioo kinakuwa cheusi, feni inanyamaza, kitaa kidogo cha rangi ya chungwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kama kifua cha mtoto. Mpaka uje uibonyeze. Lakini Alhamisi, adhana ya magharibi ikishapita, watu wakiwa msikitini na mtaa umetulia...

Inaamka.

Yenyewe.

Mwanzoni alidhani ni mjusi anayepita juu ya mausi, akaichomoa mausi. Ikaamka. Akachomoa kibodi. Ikaamka. Akasema ni umeme unaoyumba, akabadilisha soketi. Akabadilisha betri ya saa iliyomo ndani. Ikaamka, ikakaa inanguruma mpaka alfajiri, kioo kikimulika chumba kitupu. Na kila ilipoamka kulikuwa na harufu. Asumini. Si asumini ya kwenye nywele za bibi harusi. Asumini iliyolowa maji ya chumvi, ikalala.

Kilichomuuma Mwanasha hakikuwa woga. Kilichomuuma ni kwamba siku ya kuamka ilikuwa ileile aliyomuuzia mwenzake. Aliona kama Ziada, kule Somanga, anamkanyaga vidole makusudi.

Jioni ile, Hasani alipoondoka, aliilaza mashine, akaketi mbele yake na kamusi mapajani. Adhana ikaisha.

Feni ikaanza kuzunguka.

"Haya," Mwanasha alisema. "Leo utaniambia."

Akaizima kabisa, akaiwasha upya, akaingia kule ndani kwenye kioo cha bluu ambako mashine inaandikiwa tabia zake. Alishapita huko mara nyingi, lakini haraka haraka. Leo alisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Chini kabisa akaukuta mmoja ambao hakuwahi kusimama kuusoma.

WAKE ON RING.

Macho yake yalisoma neno la kwanza kama alivyofundishwa na mama yake. Wake. Wingi wa mke. Moyo ukapiga. Katika mlima wote ule wa Kizungu, neno la Kiswahili linatafuta nini? La mwisho hakulijua, akafungua kamusi, akashusha kidole.

Pete.

Wake. Pete.

Pete ya jiwe jekundu ilikuja kidoleni mwa Hasani mwezi uleule aliokuja na bahasha. Mwanasha alipomuuliza ametoa wapi, alijibu amepewa. Na mwanamume mwenye wake wawili akisema amepewa, hahitaji kutaja jina.

"Kumbe ndiyo dawa yako, Ziada," alinong'ona.

Kulipokucha alikuwa dukani kwa Erasmo, fundi redio aliyetoka Rondo, kijana wa shule ya misheni aliyejua Kizungu cha vitabu. Mwanasha hakumsalimia. Alimwekea karatasi mbele.

"Nisomee."

Erasmo akasoma. "Weki on ring."

"Wake."

"Weki, mama. Kizungu hiki. Maana yake kuamka."

"Na pete je?"

Erasmo alicheka mpaka akaiweka chini pasi ya kulehemia nyaya. "Pete! Mama Stationari, utaniua. Ring hapo ni mlio. Mlio wa simu. Si umeuchomeka waya wa simu kwenye mashine, kwa ajili ya zile faksi zako? Basi mtu akikupigia, mashine inasikia kabla yako, inaamka ipokee."

"Mbona simu yenyewe siisikii ikilia?"

"Utaisikiaje? Waya uko kwenye mashine. Simu yako imekaa tu hapo mezani, pambo."

Mwanasha aliikunja karatasi yake. Kwa hiyo hapakuwa na uchawi. Palikuwa na mtu. Mtu anayempigia kila Alhamisi magharibi, asiseme neno, ili yeye ajue kwamba mume yuko kwingine na mwingine anafaidi.

Uchawi angeusamehe. Hilo hapana.

Saa hiyohiyo alidandia lori la chumvi linalokwenda kaskazini, akashukia Somanga vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Ziada alikuwa barazani anashona sare za shule kwa cherehani jipya. Alikuwa mwembamba kuliko Mwanasha alivyokumbuka, na mzuri zaidi, na hilo nalo lilimuuma.

"Shikamoo dada."

Mwanasha hakuitikia. "Unanipigia simu ya nini?"

"Simu?"

"Usinifanye mjinga, bibi we! Kila Alhamisi. Umepewa usiku, umelala nao, bado unataka na mimi nikusikie ukicheka?"

Ziada alitazama kulia na kushoto kama mtu anayetafuta aliyesemeshwa. "Dada, Somanga hii simu iko wapi? Nikupigie kwa mwiko?"

Wanawake wawili waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Mwanasha aliangalia paa, ukuta, nguzo za barabarani. Hapakuwa na waya hata wa kuanikia nguo.

"Halafu wa kulia ni mimi," Ziada aliendelea, sauti ikianza kupanda. "Mimi ndiye niliyenyang'anywa. Alikuja hapa akasema bi mkubwa ana mashetani, Alhamisi yanampanda, lazima awe karibu. Akanipa laki mbili nimwachie usiku huo. Nikanunua cherehani. Sasa wewe mwenye usiku wote huo unanifuata kunitukana?"

"Alikupa laki mbili?"

"Nikahesabu."

"Jana alikuwa hapa."

"Jana alikuwa kwako!"

Wakatazamana. Upepo uligeuza ukurasa wa daftari la vipimo lililokuwa juu ya cherehani. Mwanasha aliuliza polepole, kwa sababu hakutaka jibu:

"Pete ulimpa lini?"

Ziada aliiachia sare aliyokuwa akiishona. "Mimi nilidhani umempa wewe."

Baadaye kidogo Ziada alisema jambo jingine, kwa kunong'ona, ameinama. Kwamba cherehani lile Alhamisi halitulii. Giza likishaingia, gurudumu linazunguka lenyewe, taratibu, sindano inapanda na kushuka bila uzi. Alikuwa akilifunika na kanga na kulala kwa jirani.

Mwanasha alipoondoka, akiwa amefika barabarani, aligeuka. "Marahaba," akasema. Ilikuwa salamu ya dhati ya kwanza aliyowahi kumpa.

Alhamisi iliyofuata, kama walivyopatana, Ziada aliingia nyumbani kwa Mwanasha kwa mlango wa nyuma, kichwa kimefunikwa. Hasani alikuwa ameshaondoka, kwenda huko wasikokujua. Mwanasha aliufunga mlango wa mbele. Akauchomoa waya wa simu kutoka kwenye mashine, akauzungusha mkononi, akaushika.

"Sasa nani atapiga?" alisema. "Tuone."

Mashine ililala mbele yao. Kitaa cha chungwa kiliwaka na kuzima. Adhana ikapanda, ikashuka. Nyayo za waendao msikitini zikapita, zikaisha. Ziada alikuwa anasoma dua chini ya pumzi.

Kwanza ilikuja harufu.

Halafu feni.

Kioo kikawaka, na ndani ya kasha, kwenye kile kispika kidogo cha modemu, kifaa kinachopokea simu, kisichojua kitu zaidi ya kukwaruza, kitu kikalia. Mara moja. Mara ya pili. Kama simu inayolia mbali sana, chini ya maji.

Mwanasha aliutazama waya. Ulikuwa mkononi mwake, ncha inaning'inia.

Ka.

Mtu amepokea.

Kulikuwa na ukimya mpana, ukimya wa kisima. Halafu wakamsikia Hasani. Alikuwa anacheka. Si kile kicheko chake cha kununulia korosho. Kilikuwa chepesi, cha chini, cha mtu aliyelaza kichwa mapajani mwa mwingine. Akasema neno fulani, halikusikika, lakini namna alivyolisema ilimchoma Mwanasha kifuani kama msumari. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kusemeshwa hivyo. Hata usiku wa kwanza. Akamtazama Ziada, akaona machozi, akajua naye hakuwahi.

Hapo woga wote ulimtoka. Kilichobaki kilikuwa wivu mtupu, mweupe kwa moto.

"Hasani!" alipiga kelele kwenye kasha. "Hasani, toka huko!"

Kicheko kikakatika.

"Nani huyo?" iliuliza sauti ya mwanamke. Pole. Haina haraka. Kila neno lilikuja limelowa.

"Mkewe!"

"Mkewe wa siku gani?"

Mwanasha alianza kuhesabu zamu kwa vidole.

"Leo siku gani?" sauti ikauliza tena, kama mwalimu anayemsubiri mtoto.

"Alhamisi," Ziada alijibu.

"Alhamisi ni yangu. Nimenunua. Kwako nimenunua, na kwa mwenzako nimenunua. Hela alizibeba yeye, lakini nilizitoa mimi. Sikumwibia mtu."

Na hapo ndipo Mwanasha aliposhikwa pabaya, maana katika maisha yake yote hakuwahi kukataa hesabu iliyo sawa. Huyu, awaye yote, alikuwa amelipa.

"Tunavunja," alisema. "Tunarudisha hela yako. Laki mbili zangu, laki mbili zake. Unatuachia usiku wetu na mtu wetu. Tumekubaliana?"

Maji yakadondoka mahali fulani. To... to...

"Wekeni mkononi mwake," sauti ikasema. "Ikitimia, nitamwamsha mwenyewe."

Mashine ikazima.

"Nitamwamsha?" Ziada alinong'ona. "Kwani amelala?"

Hasani alirudi alfajiri kama kawaida yake ya Ijumaa, akapita bila salamu, akajitupa kitandani. Ziada alikimbilia basi la kwanza. "Nauza cherehani, dada. Kesho nipo hapa na hela." Mwanasha aliibeba mashine yake kwa mikono miwili mpaka kwa Erasmo.

"Ina kasoro," alimwambia. "Alhamisi inaamka yenyewe, na si simu. Mimi sifichi. Nataka laki mbili, sipunguzi."

Erasmo alitazama uso wake, akaacha mzaha, akatoa hela.

Mwanasha aliziweka kwenye kiganja cha Hasani. Vidole vikajikunja juu yake, kimoja kimoja, kama miguu ya kaa. Pete ilikuwa baridi.

Hasani hakuamka kwa sala ya Ijumaa. Hakuamka alasiri. Mwanasha alimtikisa, akammwagia maji, akamzaba kofi ambalo majirani walilisikia. Kifua kilipanda na kushuka, kikapanda na kushuka. Na usoni kulikuwa na tabasamu. Lile la mtu aliyelaza kichwa mapajani mwa mwingine.

Jumamosi Ziada hakuja.

Jumapili Mwanasha alimuuliza utingo wa basi la Somanga. "Anasema bado anatafuta mteja," utingo alisema. "Ila mama mdogo anashona huyo! Sare tupu, hata usiku taa inawaka."

Mwanasha alielewa. Alielewa haraka, kwa sababu yeye mwenyewe lilishampitia kichwani wazo lilelile, la kubaki na mashine na kumwacha alale, akalifukuza.

Alasiri ileile yeye na Erasmo walimlaza Hasani nyuma ya gari lake mwenyewe, juu ya godoro, kijana akaendesha. Walifika Somanga jua likizama. Kutoka barabarani walisikia cherehani. Kra-kra-kra-kra. Mlango umefungwa, mwanga ukipenya chini yake.

"Ziada!"

Cherehani likanyamaza.

"Sijapata mteja, dada. Wallahi."

"Yumo garini. Hajaamka tangu Ijumaa. Yangu nimeshalipa. Bado yako."

Sauti ya Ziada ikaja karibu sana na mbao za mlango, ndogo, kavu.

"Na akiamka, dada... atakwenda kwa nani?"

Mwanasha alisubiri hasira impande. Ilimpanda siku zote, haijawahi kumwangusha. Alisubiri matusi, alisubiri mkono wake uupige mlango ule mpaka bawaba zitoke.

Haikuja.

Kilichokuja kilikuwa ubaridi, kutoka nyayoni, taratibu, kama maji yanayojaa. Na asumini.

"Mama!" Erasmo aliita kutoka kwenye gari, sauti imempasuka. "Mama, anacheka huku! Amefumba macho, anacheka!"

Mwanasha hakugeuka. Mlango ulifunguka kidogo, jicho moja la Ziada likachungulia, likamtazama usoni, likapanuka.

"Dada? Dada, mbona..."

Mdomo wa Mwanasha ulifunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa pole, haina haraka.

"Laki mbili," ilisema. "Lete."